MPE JEMBE: WAZIGUA WALIOUZWA, NA BUSTANI ILIYOWARUDISHIA MAJIRANI



Sifa njema zote anastahiki Allah, aliyetuumba kutokana na udongo na akatulisha kutokana na udongo huo huo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ya historia. Ni ndefu kidogo, lakini nakuomba uisome mpaka mwisho, kwa sababu inahusu damu yetu wenyewe. Sisi tunaokaa huku juu Vugiri, ukishuka Korogwe na kuvuka mto Pangani unaingia Uzigua. Wasambaa, Wabondei, Wazigua na Wanguu wote tunajiita Waseuta. Lugha zetu zinasikilizana, tunaoana, tunazikana. Kwa hiyo nikikueleza habari za Wazigua usiseme hayo ni ya watu wa Handeni. Ni ya ndugu zako.

Waswahili wana msemo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunautumia kwa mzaha, kumfukuza mgeni aliyekaa sana. Leo nataka uone kwamba msemo huu una heshima ndani yake. Kumpa mtu jembe ni kumwambia: wewe si mgeni tena, una sehemu yako katika ardhi hii.

NJAA ILIYOVUNJA UJIRANI

Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliipiga nchi ya Uzigua. Mvua zilikatika, maghala yakaisha. Watu wakashuka pwani kutafuta chakula, na huko pwani walikuwapo wafanyabiashara waliokuwa wakiwasubiri. Simulizi ambazo wajukuu wao wanazihifadhi mpaka leo zinasema waliahidiwa kazi na chakula, kisha warudishwe kwao mambo yakitengemaa. Walipandishwa majahazi, yakaelekea kaskazini. Waliposhuka walikuwa kwenye pwani ya Somalia, upande wa Barawa na Merka, na walikuwa watumwa. Wakapelekwa bara, kwenye mashamba ya mto Shabelle.

Ndugu yangu, hapa tusifunike jambo. Waislamu walikuwamo miongoni mwa wauzaji, wanunuzi na wenye majahazi. Mkataba ambao Sayyid Said aliutia sahihi na Waingereza mwaka 1822 ulikataza kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo tu. Njia ya kuelekea Somalia ikabaki wazi, na biashara ya watumwa ya baharini haikupigwa marufuku kwa mkataba mpaka mwaka 1873. Lakini sheria ya Allah haikungoja 1873. Mtume (s.a.w.) ametufikishia, katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi ya Bukhari, kwamba Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Aliyeshuka pwani na njaa yake alikuwa mtu huru. Basi asije mtu akatuambia kwamba dini iliruhusu yale.

Lakini zingatia jambo la pili, maana ndilo somo la leo. Mtu haanzi kuuzwa sokoni. Anaanza kuuzwa pale kijiji kinapoishiwa, pale jirani asipokuwa na cha kumpa jirani, au anacho na hataki kutoa. Njaa huvunja ujirani kwanza, na mfanyabiashara huja kuokota vipande.

MSITU WA GOSHA

Baada ya miaka michache kundi la Wazigua lilitoroka kutoka kwenye mashamba yale. Nia yao ilikuwa moja: kurudi nyumbani kwa miguu. Simulizi zao zinamtaja mwanamke kiongozi aitwaye Wanankhucha aliyewaongoza kuelekea kusini. Wakafika mto Juba, na huko wakasimama. Ng'ambo ya mto njia ilikuwa ya hatari, lakini pembezoni mwake kulikuwa na msitu mnene na ardhi nzuri. Wakafyeka, wakajenga vijiji, wakalima. Sehemu ile ikaitwa Gosha, yaani msituni.

Huko Gosha walikutana na wengine waliotoroka utumwa kama wao: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Watu wa makabila mbalimbali waliokutanishwa na dhuluma wakawa majirani kwa sababu ya mto mmoja na ardhi moja. Vizazi vilivyofuata wakasilimu. Subhanallah, tazama rehema ya Allah: watu walioteswa mikononi mwa baadhi ya Waislamu, wao wenyewe wakaipenda dini, kwa sababu waliijua haki iliyomo ndani yake kuliko walivyoijua waliowauza.

Wakakaa huko zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na lugha yao, Chizigula, hawakuiacha. Lakini heshima hawakuipata. Waliitwa majina ya kuwadharau kwa nywele zao, wakaitwa watumwa hata baada ya utumwa kwisha. Wakati wa utawala wa Waitalia walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya wakoloni. Na serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, vita vikaanza, wenye bunduki wakavamia bonde la Juba. Hawa walikuwa wakulima, maghala yao yalikuwa na mahindi, na hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwatetea. Wakaporwa chakula, wakauawa, waliobaki wakakimbia.

NJIA MBILI ZA WAKIMBIZI

Wengi walikimbilia Kenya, kwenye kambi za Dadaab. Wengine walikuja kwetu Tanga. Walipokelewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, kisha tangu mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, huko huko Handeni, wakapewa ardhi ya kulima. Kufikia 2009 walikuwapo waliokwisha kupata uraia wa Tanzania. Hebu fikiri, ndugu yangu: kitukuu cha mtu aliyepandishwa jahazi katika miaka ya 1830 anarudi Uzigua, anamsalimu mwenyeji kwa Kizigua, na mwenyeji anaitikia. Nani awezaye kupanga hayo isipokuwa Allah?

Waliobaki Dadaab njia yao ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea wapatao 12,000. Mwaka 2002 wakahamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab mpaka Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na kuanzia 2003 wakaanza kupelekwa katika miji mingi ya Marekani. Huko wakaitwa Wasomali Wabantu.

Sasa mtazame mtu huyu. Maisha yake yote ameshika jembe. Amewekwa katika jengo la ghorofa. Hajui Kiingereza. Hajui jirani wa mlango wa pili anaitwa nani. Nje ni lami, na mahali pengine ni theluji. Mikono yake inajua kazi moja, na kazi hiyo haipo. Hapo mgeni hufa taratibu, hata kama anakula.

BUSTANI YA SAN DIEGO

Katika mji wa San Diego, jimbo la California, upo mtaa uitwao City Heights wenye wakimbizi wengi. Wasomali Wabantu wa pale waliomba kitu kimoja: ardhi ya kulima. Si pesa, ardhi. Shirika la International Rescue Committee likawasaidia kutafuta, na kiwanja cha jiji kilichokuwa kimekaa bure, kama eka mbili na kidogo, kikapatikana. Haikuwa rahisi, maana kanuni za jiji hazikujua bustani ya watu wengi ni kitu gani, na vibali vilichukua muda na fedha nyingi. Mwaka 2009 bustani ikafunguliwa, ikaitwa New Roots, maana yake mizizi mipya.

Kila familia ilipewa kijisehemu chake. Na sehemu zile hazikuwa za Wabantu peke yao. Mtu wa Handeni kwa asili alilima ubavuni kwa mtu wa Cambodia aliyekimbia mauaji ya kwao, na mtu wa Guatemala au Mexico. Hawakuwa na lugha moja, lakini kila mmoja aliona mwenzake anavyopanda, anavyomwagilia, anavyovuna majani ambayo yeye angeyaita magugu. Lugha ya jembe haina mkalimani. Aprili 2010 mke wa Rais wa Marekani wa wakati ule, Michelle Obama, alikwenda kuitazama bustani ile. Baadaye jiji likalegeza kanuni zake ili mitaa mingine nayo ipate bustani.

MJI WA LEWISTON

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Lewiston ni mji mdogo katika jimbo la Maine, kaskazini kabisa, penye baridi kali. Wasomali walianza kuhamia pale mwaka 2001. Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka wasiendelee kuja, akisema mji umezidiwa. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikafanya mkutano dhidi yao, ingawa maelfu ya wenyeji walitoka siku hiyo hiyo kuwatetea wageni. Na mwaka 2006 mtu mmoja alirusha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti watu wakiwa katika swala.

Katika mji huo huo Wasomali Wabantu walianzisha jumuiya yao mwaka 2005. Hawakujibu tusi kwa tusi. Walitafuta ardhi. Mwaka 2014 wakaanzisha mpango wa kilimo waliouita Liberation Farms, yaani mashamba ya ukombozi. Familia zinapata vipande vyao vya kulima chakula cha nyumbani, na wapo pia wanaolima pamoja kwa vikundi na kugawana mapato. Wanalima mahindi magumu ya unga, kwa sababu mahindi matamu ya madukani hayasagiki kuwa unga wa kupikia sima.

Ardhi walikuwa wakipangisha huku na huku, na aliyepangisha hulala na wasiwasi. Baadaye, kwa ushirikiano na taasisi iitwayo Agrarian Trust, ilipatikana ardhi ya zaidi ya eka 100 katika kijiji cha Wales, karibu na Lewiston. Wakaiita Little Jubba, Juba ndogo, kwa jina la mto ule. Ardhi ile imewekwa chini ya udhamini, haikusudiwi kuuzwa, na wakulima wanaitumia kwa mkataba wa muda mrefu sana. Ewe ndugu yangu, hili si geni kwako. Ardhi inazuiwa asili yake, watu wananufaika na mazao yake. Sisi tunaiita wakfu. Umar (r.a.) alipopata ardhi nzuri Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, akaelekezwa njia hiyo hiyo. Na unaelewa kwa nini njia hiyo ni nyepesi kwa Muislamu kuliko mkopo wenye riba.

MADINA ILITANGULIA

Haya ya San Diego na Lewiston yanawashangaza watu wa huko. Sisi yasitushangaze. Muhajirina walipofika Madina walikuwa wakimbizi. Waliacha nyumba na mali Makka. Watu wa Makka walikuwa wafanyabiashara, na Ansari wa Madina walikuwa wakulima wa mitende. Ansari wakamwomba Mtume (s.a.w.) awagawie Muhajirina mitende yao nusu kwa nusu. Mtume akakataa. Ansari wakasema: basi watusaidie kazi, nasi tushirikiane nao matunda. Muhajirina wakaridhia. Habari hii imesimuliwa na Abu Hurayra (r.a.) na imo katika Bukhari.

Tafakari hekima hiyo. Mtume hakutaka mwenyeji apokonywe rasilimali yake, wala hakutaka mgeni awe ombaomba wa kudumu. Mwenyeji anabaki na mizizi yake, mgeni anapata jembe, na wote wanakutana chini ya mti mmoja. Aliyetoka jasho pamoja nawe ni vigumu kumchukia.

Wala Madina haikukosa ugomvi. Zubayr (r.a.) na mtu mmoja wa Ansari waligombania maji ya mfereji wa kumwagilia mitende. Mtume (s.a.w.) aliamua kwamba wa juu amwagilie, kisha amwachie jirani yake wa chini. Sisi watu wa milimani tunaijua kesi hii, maana kila mwaka wa kiangazi inarudi. Bustani haiondoi ugomvi. Bustani inawapa majirani sababu ya kuumaliza, kwa sababu kesho watakutana tena kwenye mfereji ule ule.

ONYO LA NYUMBANI

Mtu atasema: Sheikh, sisi tuliwahi kulima pamoja, tukashindwa. Kweli, na tuseme kwa nini.

Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walileta Usambara mpango wa kuhifadhi udongo, ulioanzia Mlalo mwaka 1946. Watu wakaamriwa kulima matuta kwenye miteremko, na mzigo mkubwa ukawaangukia kina mama. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, lakini amri ilikuwa ya mwenye nguvu. Watu wakapinga, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ukaachwa. Kisha ikaja Ujamaa. Azimio la Arusha 1967 lilikuwa na nia njema, na Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuwa na vijiji vya ujamaa. Lakini kati ya 1973 na 1976 watu walihamishwa kwa amri, na penye amri shamba la wote huwa shamba la mwisho kupaliliwa.

Linganisha sasa. Wasomali Wabantu waliomba ardhi wao wenyewe. Kila familia ina mstari wake na jina lake. Wanachoshirikiana ni maji, zana, mbegu na njia. Hapo ndipo tofauti ilipo. Wazee wetu Wasambaa walikuwa na desturi ya kumwazima jirani asiye na kitu kipande cha shamba alime mazao ya msimu bila malipo. Na walikuwa na neno: kuzifya shi, kuiponya ardhi. Ardhi ikipona, maana yake mvua inanyesha, watu wanaelewana na mnyonge anakula. Hayo hawakuyatenganisha.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

Ndugu msomaji, historia isiyogusa mikono ni hadithi ya jioni tu. Karibu kila kijiji chetu kina kiwanja kilichokaa: nyuma ya msikiti, kando ya madrasa, eneo la kijiji. Kimeota magugu, na kila mwaka anatokea mtu wa kutaka kukimega au kukiuza. Kikishauzwa, hakirudi. Nashauri haya.

Kwanza, kiandikwe. San Diego walianza na vibali, Maine wakaanza na mkataba. Sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, tuna halmashauri ya kijiji na kamati zake. Mali ya msikiti iandikwe kuwa wakfu, na wadhamini wajulikane. Neno la mdomo huzikwa na aliyelisema.

Pili, kigawanywe kwa matuta, kila kaya na lake, lakini maji na zana viwe vya wote, na zamu ya maji ijulikane. Aanze mjane, yatima na kijana asiye na shamba.

Tatu, jirani asiye Muislamu apate tuta lake pia. Mtume (s.a.w.) aliwaachia Mayahudi wa Khaybar walime mashamba yale kwa makubaliano ya nusu ya mazao. Sisi tunashindwaje kulima pembeni ya Mlutheri au Mkatoliki ambaye tumezaliwa naye na kuzika naye? Jibril alimuusia Mtume juu ya jirani mpaka Mtume akadhani jirani atapewa urithi, na usia ule haukumbagua jirani kwa dini yake.

Nne, siku ya kuvuna fungu la maskini litoke mbele ya macho. Kumbukeni watu wa bustani katika Suratul Qalam. Walikubaliana kuvuna alfajiri, kimya kimya, ili maskini asiwaone. Walipofika wakakuta bustani yao imeteketea. Kosa lao halikuwa kilimo kibaya. Walikata njia ya jirani.

KWA HIYO

Ukimwona mtu wa Chogo sokoni Handeni au Korogwe, usimwite Msomali kwa dharau, wala mkimbizi. Babu yake aliondoka hapa kwa njaa, na hakupata jirani wa kumshika mkono. Safari yake ya karibu karne mbili ilianzia kwenye ghala tupu. Ilipoanza kutulia, Handeni na Marekani vilevile, ilitulia kwenye kipande cha ardhi chenye majirani.

Usingoje njaa nyingine ije kututenganisha. Wiki hii mtafute jirani mmoja ambaye hamjasemeshana siku nyingi. Mpelekee mche mmoja, wa mparachichi, wa mgomba, hata wa mchicha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kila atakayekula hapo, awe mtu, ndege au mnyama, kwake ni sadaka. Na kama jirani huyo ni mgeni, siku ya tatu imefika. Mpe jembe.

Ewe Allah, warehemu waliouzwa nao walikuwa huru. Iponye ardhi yetu, tuletee mvua yenye manufaa, na utupatanishe na majirani zetu. Tujaalie tuwe watu wanaopanda, wala usitujaalie kuwa watu wanaouza. Aamin.

Mfikishie na mwenzio, upate ujira wa kufikisha.

Wabillahi tawfiq.